Kiti cha Kijani cha Emil Sedlak

Emil Sedlak aliiona nafasi ile saa tatu asubuhi, akapunguza mwendo wa gari kama mtu anayepita mbele ya harusi ya tajiri. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha juu ya vilima vya Pittsburgh. Mbele ya nyumba moja ya matofali mekundu mtu alikuwa ameizoa yote, akaacha pahali pasafi pa kuegesha gari. Lakini kiti hakikuwapo.

Mtaani kote inajulikana: ukizoa theluji, unaweka kiti cha jikoni katikati, na pahali hapo ni pako mpaka jua la Machi. Hakuna sheria inayosema hivyo. Wapo waliosahau kodi, wapo waliosahau hata ndoa zao, lakini kiti cha jirani hawajathubutu kukigusa. Basi kiti kikionekana hapo, nani atauliza ni cha nani?

Emil alikuwa nacho kwenye buti ya gari, cha mbao, cha kijani. Marehemu mama yake alimwachia vitu viwili: kiti hicho, na onyo kwamba atafute kazi. Yeye alitumia kiti.

Alikiweka, akatazama kushoto na kulia, kisha akajikwaa kwa ustadi wa mtu aliyekwisha kuanguka mitaa mitatu tangu Krismasi. Akalala chini akiugua kwa sauti ya kadiri, maana anayepiga kelele sana haaminiki.

Bi Ludmila Hrabak, mjane wa miaka sabini na minne, alishuka ngazi zake kumi na tisa mbiombio, akamwinua kama gunia la viazi, akamwingiza jikoni. Punde Emil alikuwa na sahani ya kabichi na tambi mbele yake. Kando ya jiko palikuwa na kiti kilichopinduliwa, miguu juu, mmoja umefungwa kamba ili gundi ikauke. Emil alikiona, hakukitazama. Msemaji sana hutazama kidogo.

Kwa huzuni ya mtu aletaye habari za msiba, alimweleza mama wa watu kwamba kuweka kitu barabarani ni kosa, kwamba mwenye kitu hubeba jeraha la aliyeanguka, na kwamba mfupa wa kifandugu hauna bei ndogo mahakamani. Mawakili wangeitolea macho nyumba hii, alisema, huku macho yake mwenyewe yakipanda ukutani hadi darini.

Bi Hrabak naye aliitazama nyumba. Aliingia humo akiwa bibi harusi. Yeye na mumewe walilipa mkopo wake miaka thelathini kwa mshahara wa kiwanda cha chuma, na mwezi ule deni lilipokwisha, mume naye akaenda zake. Hakuwa na kingine duniani.

"Na nikisema nimefilisika?" aliuliza.

"Mama, ukifilisika watakuja kuhesabu hata vijiko. Mimi sikutakii hayo. Dola elfu nne, tuandikishane, tuyamalize hapa hapa."

Mama akaomba kwanza ampigie dada yake simu, akatoka kupitia ukumbini. Alikawia kidogo. Aliporudi alikuwa akichechemea, mkono ukutani. Hofu imemshika miguu, Emil alijiambia, na moyo wake ukamchoma. Akajiongezea tambi.

Bi Hrabak alikubali, ila akaomba sheria iandikwe kwanza vile alivyoelezwa, bila jina la mtu, aielewe. Na ikiwa mwenye kiti hana fedha? Basi afanye kazi, alisema Emil kwa ukarimu, akijiona tayari anapikiwa hadi Pasaka. Akaandika kwa mwandiko mzuri: mwenye kiti cha kijani kilichokuwa mbele ya nyumba hii atamfidia yeyote aliyekiangukia leo, ama kwa dola elfu nne, ama kwa kazi za mikono mpaka aliyeumia apone. Wakatia sahihi wote wawili.

"Sasa nenda ukilete kiti chenyewe, mwanangu, tusije tukamdhulumu mtu."

Emil alikileta. Alikumbuka kuchechemea alipofika mlangoni.

Mama alikipindua juu ya meza. Chini yake, kwa rangi nyeupe, palikuwa pameandikwa: A. SEDLAK, KITI CHA NNE, KIRUDISHWE. Emil aliutazama mwandiko ule kama aliyeitwa kwa jina na mtu aliyekufa. Maisha yake yote hakuwahi kukipindua.

Kila Kwaresima, parokia za ng'ambo zote mbili za mto huazimana viti kwa ajili ya samaki wa Ijumaa, na hakuna mama asiyeandika jina chini ya chake. Kile cha kando ya jiko nacho kilisema, miguu juu, bila aibu: HRABAK, CHA PILI.

"Wewe ni mtoto wa Agnesa," alisema Bi Hrabak. "Alikuwa akikaanga karibu yangu. Hakuunguza hata kipande." Akajishika nyonga. "Simu sikupiga. Nilitoka kukiangalia hicho kiti kisicho changu, nikakiangukia."

"Lakini hata mimi nilianguka, mama."

"Wewe uliangukia kiti chako. Jilipe polepole."

"Mimi sina kitu. Muflisi ni mimi."

"Basi vijiko tusihesabu. Mikono unayo. Au twende kwa hakimu ukamweleze kiti cha marehemu kilifikaje mlangoni kwangu."

Ndivyo Emil Sedlak alivyopata kazi, kama alivyousiwa. Kila asubuhi alizoa theluji ya ngazi zote kumi na tisa, akaziba dari, akabadilisha bomba la sinki. Adhuhuri alikula, na mama akamsimulia habari za Agnesa ambazo yeye mwanawe hakuzijua. Kiti cha kijani kilisimama barabarani, na hakuna aliyekigusa.

Wiki ya tatu, akiwa na beleshi mkononi, alichungulia dirishani. Redio ilikuwa ikipiga muziki wa dansi ya polka, na Bi Hrabak alikuwa akicheza na ufagio, nyonga ile ile ikizunguka kama pia.

Emil aliondoka dirishani. Karatasi ilisema mpaka aliyeumia apone, na mwandishi wake alikuwa yeye mwenyewe. Aliitazama ngazi ya mwisho, ambayo bado ilikuwa na barafu. Akainama, akaikwangua yote. Kisha akapanda mpaka mlangoni na, kabla ya kubisha, akakohoa kwa sauti kubwa, akangoja, ili mama apate nafasi ya kuanza kuchechemea.