Kofia Nyeupe ya Mjomba Injinia

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa langoni: Jumamosi ni siku ya familia. Kila mfanyakazi alete watu wake waone majokofu yanavyotengenezwa. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikalisoma tena, pole pole.

Watu wangu ni wawili tu duniani, dada yangu na binti yake. Na wote wawili wanajua mimi ni injinia! Mpwa wangu haniiti mjomba hivi hivi, ananiita Mjomba Injinia. Aliyewaambia ni nani? Mimi. Sasa mwanamume mzima aseme anafunga milango ya majokofu? Ingawa milango yangu ni milango. Isukume kwa kidole, inajifunga yenyewe kwa adabu. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuivulia kofia. (Alikuwa anajikuna, lakini aliivua.)

Kiwandani kwetu mtu ni kofia yake. Njano, fundi. Nyeupe, injinia. Nyekundu, wakubwa. Uso hautazamwi na mtu. Hapo ndipo akili yangu ilipowaka.

Jumatano, 5 Machi

Fundi rangi mbishi. Kaniambia rangi ya majokofu haikauki bila kuingia kwenye tanuri. Nikamwambia mimi nimepaka meli nzima, peke yangu, ikiwa inakwenda. Alipogeuka kucheka, nikachota kidogo kwenye kopo.

Nimeipaka kofia yangu ya njano nyumbani, nikaiweka karibu na jiko. Harufu! Jirani akagonga ukuta. Nikafurahi, nami nikamgongea. Hakugonga tena.

Alhamisi, 6 Machi

Haijakauka. Nikiigusa, inanishika. Kwenye stoo ikanasa karatasi ya boksi: USIANGUSHE. Nikiivuta itaondoka na rangi. Basi ikae.

Nimeijaribu. Mlinzi kasimama wima! Wima kabisa, yeye ambaye kila asubuhi hunikagua mfuko kama mwizi wa kuku. Nikaenda wanapokunywa chai mafundi. Vikombe chini, kila mtu mbio kwenye mashine yake. Hata Domo, fundi wa mota, jirani yangu kwenye mstari na mpinzani wangu wa maneno, alichomeka shati bila kunitazama usoni.

Ushindi! Nikakaa kwenye lile benchi refu, peke yangu, nikanywa chai. Heshima tele, wa kumsimulia hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia dada. Nimemwambia kesho atafute kofia nyeupe. Kasema, kaka, mtoto hajalala, darasa zima limeshatangaziwa. Atapika, watabeba sufuria, na tukitoka kiwandani tuje kula kwangu, sisi watatu.

Nimefagia mpaka uvunguni. Viti ninavyo viwili. Begi lililokuwa linakaa kwenye kile cha pili nimeliteremsha.

Jumamosi, 8 Machi

Mkosi!

Niliwaona langoni. Mpwa kapunga mkono, kapaza sauti: Mjomba Injinia! Kifua kikanijaa. Kabla sijawafikia, kofia nyekundu ikanidaka kiwiko. Wewe unakwenda wapi? Hukusikia agizo? Leo kuna wageni, mashine haisimami, mainjinia wote ndani ya chumba cha mitambo mpaka wageni waondoke. Familia ni kwa kofia za njano.

Neno moja tu lilitosha: mimi fundi, mkubwa. Lilifika kwenye ulimi. Lakini mtoto alikuwa ananitazama. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, twende, mashine haziwezi kunisubiri.

Chumba joto kama tanuri. Mainjinia macho mekundu, wanakula biskuti juu ya vitufe huku wamesimama. Hapo ndipo penye raha niliyokuwa naionea wivu! Mmoja, namwita Miwani, kasema wanawe wanamjua zaidi kwa picha. Akaniuliza mshale ule wa kipimo unasomaje. Nikamjibu inategemea. Akatazama vidole vyangu, vina gundi ya milango. Akasoma karatasi ya kofia yangu. Akacheka kidogo, hakunisema. Akanimegea mkate. Kasema Jumatatu nije tule wote, kofia yoyote.

Kwenye kioo, nje, nikawaona. Dada na sufuria yake, mpwa, na anayewatembeza ni Domo! Wakasimama penye milango yangu. Mtoto akasukuma mmoja kwa kidole. Ukajifunga. Akapiga makofi. Nami nikapiga, kioo hakikupitisha.

Tulipofunguliwa walikuwa wameshaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Dada kapiga simu asubuhi. Mtoto haongei jambo jingine ila milango. Kumbe Domo kawaambia anayeifunga ni bingwa, hana mwenzake kiwanda kizima, ila leo hajui kapotelea wapi. Mpwa akachukua simu. Mjomba Injinia, unamjua huyo fundi? Anataka kumwona.

Nikasema namjua kwa mbali. Mtu wa kawaida tu. Nampa maagizo.

Akasema, ah.

Dada karudi kwenye simu. Chakula bado kipo, wanaweza kukileta leo, wapo tayari, viatu miguuni. Nikamwambia, mdogo wangu, injinia hana Jumapili. Kasema haya, kaka, usijichoshe.

Kosa langu nimeliona: nyeupe ilikuwa ndogo. Nyekundu ndiyo inayokwenda itakako, haifungiwi na mtu. Kopo ninalo tayari. Miwani na mkate wake aniwie radhi, nyekundu haikai meza moja na nyeupe. Mwakani mpwa wangu ataniona vizuri.

Nimelirudisha begi kwenye kiti cha pili. Juu ya begi nimeweka kofia, ikauke.