Santuri za Marehemu Kaka, Zote Daraja D

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kapiga simu. Anahama. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu kaka afariki, na zile santuri arobaini na mbili za roki hana pa kuziweka. Kaniomba nikazipime, maana mjuzi ni mimi. Nikasema niangalie kwanza ratiba yangu. Ratiba! Siku nne sijaona mteja kwenye duka langu la santuri, ila mmoja aliyeuliza choo kiko wapi.

Katika zote hizo naitaka moja. Ile ya jalada la njano lenye picha ya pasi ya nguo. Nikiwa na miaka kumi na miwili niliiangushia mkono wa gramafoni. Tangu hapo wimbo wa tatu, upande wa pili, unaruka. Kaka alinizaba kofi, na sikuigusa tena mpaka anaingia kaburini.

Kuiomba? Thubutu! Nikionyesha tu kwamba naitaka, shemeji atajua ni mali, atamwita Lenzi. Lenzi naye ana duka la santuri, ng'ambo ya barabara, na hutembea na kioo cha kukuzia shingoni utadhani daktari. Kwa hiyo mpango ni huu: nazishusha zote daraja, kisha najitolea kumwondolea shemeji mzigo. Kichwa hiki kinafanya kazi!

Jumanne, 4 Machi
Nimekaa kwenye kiti cha kaka, taa ya mezani pembeni, nikiinamisha santuri moja moja mpaka mwanga uteleze juu yake. Nimemweleza shemeji utaratibu. A ni kama mpya. B ina mikwaruzo midogo lakini inaimba. C inakoroma. D ni ya kutupa.

Kaka alikuwa mtunzaji, jamani. Thelathini na nane ni A tupu! Nimezibandika zote D. Shemeji akauliza, hata hii ya pasi? Nikasema hasa hiyo. Akasema mbona marehemu alikuwa akiifuta kila Ijumaa. Nikasema kufutwa huko ndiko kulikoiua.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji hakuridhika. Katoa gramafoni, anataka aisikie mwenyewe ile ya pasi. Alipoenda kuchukua miwani nikachomoa uzi kwenye sweta langu, nikauzungushia ncha ya sindano. Basi sauti ikatoka kama mvua juu ya bati.

Akavumilia mpaka wimbo wa tatu, akaanza kulia. Akasema alikuwa akingoja siku atakayopata nguvu aiweke, asikie nyumba ilivyokuwa zamani. Nilitaka kuutoa ule uzi. Haki ya Mungu nilitaka. Nikampa leso, nikamwambia plastiki nayo huzeeka.

Nyumbani niliisukuma sahani kando. Nikamsimulia mke wangu. Akauliza kwa nini nisimwombe tu shemeji yangu, kwani ataning'ata? Mke wangu hajui biashara.

Ijumaa, 7 Machi
Jana sikumpigia shemeji, nisionekane nina haraka. Leo kapiga mwenyewe, na Lenzi naye kasimama dukani kwangu akijifanya anatazama rafu! Shemeji kauliza kama nina hakika, hakuna hata moja ya kubakiza? Lenzi masikio juu. Nikajibu kwa sauti nene kwamba mpimaji habadilishi daraja. D ni D. Ile ya pasi je? Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Akanishukuru. Lenzi akanipa pole ya msiba, akaenda zake. Nimemweza! Kesho naenda na maboksi.

Jumamosi, 8 Machi
Rafu tupu.

Shemeji kasema hakutaka kunisumbua tena. Jana ileile kamwita fundi anayetengeneza saa za ukutani kwa santuri mbovu. Nikatoka mbio, maboksi nimeyaacha mlangoni. Nimemkuta fundi anamalizia. Anazipasha moto zilainike, anazikunja kingo, anapanua tundu la katikati, anabandika namba. Zote arobaini na mbili! Kasema hajawahi kuona takataka zinazong'aa namna ile.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja na zawadi, kaifunga kwa gazeti. Saa. Katikati bado ina ile karatasi ya duara yenye picha ya pasi.

Kasema kaka aliacha neno: ya pasi apewe mdogo wangu, aliyeiharibu ndiye atakayeivumilia inaporuka. Miaka yote alikuwa akingoja niiombe. Lakini niliposema imekufa, shemeji akaona haya kunipa kitu kibovu. Angalau sasa, kasema, itanifaa kwa jambo.

Nikasema asante. Mkwaruzo wangu upo palepale, chini ya namba nne. Kila mshale wa sekunde ukipita hapo nakumbuka lile kofi, na leo ningelipokea hata mara kumi. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeitundika saa dukani. Saa nne asubuhi kaingia mwalimu mstaafu, jirani yetu, na boksi la santuri za marehemu mumewe. Kaomba nizipime. Na kabla hajaamua la kufanya nazo, kasema, nichague moja niipendayo, bure, maana nilimsaidia siku ya mazishi.

Ya tatu kutoka juu: jalada la njano. Pasi! Nzima, haina hata alama.

Bure? Mimi si mtoto. Huyu mama ananipima aone jicho langu litatua wapi! Nikakunja uso, nikaiinamisha kwenye mwanga, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. D. Na nyingine zote D. Akazipakia tena, mnyonge. Kesho kutwa nitamtokea na maboksi, nimwondolee mzigo.

Akiwa mlangoni kaisifu saa yangu. Kauliza fundi wake yuko wapi. Nimemchorea ramani.