Kibuyu cha Kuhesabia Mizinga

Jumatatu, 2 Septemba 1974. Kigwa.
Kijiji kitapewa mashine ya kukamulia asali. Kasema leo Bwana Nyuki mwenyewe, afisa wa serikali, akiwa bado juu ya baiskeli. Sharti: ushirika wetu uwe na mizinga tisini kwa jumla. Tuko warina asali wanne. Mimi ndiye mwenyekiti, kwa kuwa nilisema nina mizinga arobaini.
Ninayo minne.

Jumanne, 3 Septemba.
Hakuna mrina asali anayetaja idadi yake. Anaogopa wezi. Hapo ndipo nilipopata akili! Kibuyu. Kwanza natia punje za mahindi ambazo idadi yake naijua mimi tu. Kisha kila mmoja anakwenda nacho nyuma ya nyumba, anatia punje moja kwa kila mzinga. Kikirudi, natoa zangu za siri. Jumla inajulikana, ya mtu mmoja haijulikani.
Mke wangu Zamda kauliza kwa nini nisiseme ukweli tu. Hajui uongozi.

Alhamisi, 5 Septemba.
Nimetia punje hamsini na tatu za siri, na nne za kweli. Bwana Nyuki atakagua msituni, jumla sithubutu kuidanganya. Kibuyu kikaenda kwa Eustace, kwa Kashindye, kwa mzee Twalibu. Kikarudi kizito. Nikatoa zangu za siri, nikatangaza jumla: tisini na saba! Mashine yetu! Na siri yangu salama.
Ndipo Eustace, kwa furaha, akaropoka kwamba yake ni thelathini na minane. Kashindye hakubali kupitwa. Akataja thelathini na mmoja. Mzee Twalibu akasema basi yeye ishirini na minne. Akachukua fimbo, akapiga hesabu mavumbini. Akanitazama.
“Shikamoo, Mwenyekiti,” akasema, mzee wa miaka sabini! “Hiyo minne yako umeitundika wapi, tukusaidie kuilinda?”

Ijumaa, 6 Septemba.
Mwenyekiti ni Eustace. Mashine ikija, ufunguo atashika yeye. Kashindye ananiita Bwana Minne, hata mbele ya mashemeji.

Jumapili, 8 Septemba.
Nimetafakari. Kibuyu hakina kosa. Kosa ni mahindi.
Bwana Mifugo anakuja kuandikisha kuku, na kamati yake haina mwenyekiti. Nimeshatangaza nina kuku sitini. Zamda anasema ni sita, pamoja na yule mgonjwa.
Maharage nimeshachambua. Mkutano ni Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi.