Ombi la Redio Moja kwa Soko Lote la Kisegi

Kwa Afisa wa Utamaduni,
Homa Bay.

Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Willis, fundi cherehani hapa sokoni Kisegi. Zamani redio ya dukani kwa Shamima ilitutosha sote. Wimbo ukipigwa, soko zima liliuimba. Hata mke wangu Nyangi, aliyekuja kutoka Migori kununua dagaa wa omena, nilimpata hapo kwa sababu tulikosea maneno yale yale ya kiitikio. Leo kila mtu ana waya zake masikioni na wimbo wake kichwani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye mazishi ya jirani yetu, pasta alipotamka, "Ndugu yetu ametutoka," Momanyi wa bodaboda aliruka juu akapaza sauti, "Goooli!" Nusu ya waombolezaji, ambao pia hawakuwa wakisikiliza, wakaitikia, "Amina."

2. Nyangi hucheka peke yake tukila. Nikimuuliza kulikoni, hunijibu, "Baba Ken, hutaelewa. Hii ni sehemu ya arobaini ya mchezo." Mheshimiwa, nakaa mezani kwangu kama mgeni aliyepita kuomba maji.

3. Juzi nilikiimba kile kiitikio kwa sauti, nikingoja mtu yeyote adakie. Mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kwa hivyo naomba kaunti itufungie redio moja kubwa katikati ya soko. Waya zote za masikioni zikusanywe na chifu, zirudishwe kwa cheti cha daktari tu. Na atakayecheka peke yake aeleze mbele ya baraza alichokichekea, kisha wananchi wapige kura kama kweli kinachekesha.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na yule askari wa langoni aliyenikataza kuingia.

Ni mimi, mwenye masikio wazi,
Willis, Kisegi.

Tanbihi: Nilimpa Nyangi barua hii anisahihishie. Akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la soko. Tangu asubuhi Kisegi nzima inanicheka: Shamima, chifu, hata pasta. Watu wa kule Karungu nao wameanza kupiga simu. Ni miaka mingi sijasikia soko lote likicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na mimi pia nimecheka, nimeegemea bega la mke wangu mpaka machozi. Tafadhali lipuuze ombi langu, simu za watu ziachwe. Ila Nyangi anauliza: na wewe umecheka?