Koti la Protus

Jumatatu, 7 Februari 1994
Nimechelewa tena. Kilomita saba kwa miguu, trekta za miwa zimeziba njia pale Mayoni, vumbi mpaka kwenye kope. Mwalimu mkuu, Bwana Wanyama, ametamka mbele ya wote: nikipitisha saa moja na nusu tena wiki hii, Historia ya Kidato cha Nne inakwenda kwa Masinde. Masinde! Mtu anayesoma kitabu usiku mmoja kabla ya wanafunzi wake. Alitabasamu ndani ya kikombe cha chai.

Dorothy wa Hisabati ameuliza kwa nini sipandi baiskeli ya boda boda kama watu. Nimejibu kwamba sitapakiwa upande upande kama gunia, nimeshika shati la mwanamume nisiyemjua. Akasema basi nitembee na msimamo wangu.

Jumanne, 8 Februari
Nimepata! Katika gazeti kuukuu la masista wa misheni kuna picha kutoka Uholanzi. Mama wa makamo juu ya baiskeli, sketi, kikapu cha mboga mbele, uso umetulia kama yuko kanisani. Hakuna anayemkodolea macho. Kule mwanamke huendesha. Hapa hupakiwa. Nimelitafakari hili mpaka chai ikapoa.

Kaka yangu Protus huchukuliwa na lori la kiwanda. Baiskeli yake hukaa bure siku za kazi. Amekubali. Mama amekataa. Amesema mwanamke anayetanua miguu juu ya chuma hataposwa hata na mgane mwenye watoto tisa. Nimemwambia Uholanzi wanaposwa. Akauliza Uholanzi ni kwa nani hapa Matungu.

Alhamisi, 10 Februari
Jana na leo nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nimewahi, ila nimesinzia nikifundisha Vita vya Maji Maji. Haiwezekani kuishi hivi.

Jioni mazoezi kati ya miwa. Nimeanguka mara nne. Mkata miwa mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, shika breki! Usimwachie Mungu kila kitu!" Sasa naweza. Limebaki tatizo la macho ya watu. Mpango: koti la Protus, suruali yake, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Sketi ndani ya mfuko. Watamwona mwanamume tu. Kamili!

Ijumaa, 11 Februari
Ee Mungu.

Pale Mayoni mtu amenisimamisha. Masinde! Kabla sijafikiri, amekwisha kukaa nyuma yangu. Kumbe Protus hubeba abiria Jumapili, na mto mwekundu wa sponji bado umefungwa kwenye keria. Kila mtoto hapa anajua: baiskeli yenye mto ni boda boda. Mimi, mwenye digrii, nilidhani ni pambo.

Ningesema neno angenitambua. Nikanyonga pedali. Akazungumza njia nzima. "Kanyaga, kijana! Kuna dada mmoja kwetu anachelewanga. Leo namchukulia darasa!" Mlimani nikahema, akasema vijana wa siku hizi hawali obusuma ya kutosha, ugali wa kweli.

Nimemshusha langoni saa moja na dakika ishirini na sita. Akanibariki, akaingia, akatia sahihi. Mimi nyuma ya choo, zipu ya suruali imekwama. Nimetia sahihi saa moja na dakika thelathini na tatu. Darasa limekwenda. Nimelipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu miwili.

Jumamosi, 12 Februari
Bwana Wanyama amepita nyumbani. Aliona yote dirishani. Amesema nije na baiskeli waziwazi, na sketi yangu. Nikiwahi wiki nzima, darasa langu litarudi. Anataka hata binti zake wajifunze. Mama Navalayo, muuza ndizi, naye amemwambia Mama kwamba soko zima la Mayoni lilinitambua tangu mbali. Walichoshangaa ni koti kwenye joto lile. Masinde peke yake ndiye hakujua. Mama mwenyewe amelegea: kama ni lazima, nikae wima.

Nimeyapima maneno yao yote kwa makini. Kosa liko wazi. Protus ananyoa leo. Nimemwomba asitupe ndevu. Gundi ninayo. Jumatatu natoka na masharubu.