Tambukareli ya Kimisagara

Jumatatu, 5 Agosti 1991

Kwako Mukandayisenga, mama wa Annick,

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho tulichochumbiana nacho kule Nyamirambo. Kinyarwanda tulikiweka kwa ajili ya kugombana.

Habari si njema. Mtoto wako anakwenda Dar es Salaam. Jumamosi! Kwa lori! Ameniambia leo huku akinikatia uzi, kwa sauti ya mtu anayekwenda kisimani. Viatu vya mtumba vimekwisha sokoni, na tangu vita vifunge njia ya Mombasa wafanyabiashara wote wanapitia Tanzania. Kwa nini asipite na yeye? Nikauliza, na nani? Na Sibomana, Papa.

Sibomana! Yule dereva niliyemshonea turubai la bluu. Huendesha kwa mkono mmoja, maana wa pili uko dirishani unasalimia watu. Nilimfuata nikamwuliza kwa upole anafanyaje pale barabara inapokata reli, mahali ambapo madereva hupaita tambukareli. Alicheka mpaka akashika bampa. Treni haina usukani, mzee, haiwezi kukufuata. Ukiiona mbali, kanyaga mafuta. Ukiiona karibu, kanyaga zaidi.

Ndivyo alivyofanya yule dereva wako mwaka jana, upande wa Dodoma. Aliiona. Waliokuwa nyuma yake walisema aliiona vizuri kabisa. Alidhani atawahi.

Sikula. Ugali nimewapa kuku.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: ugonjwa. Binti mwema hamwachi baba mgonjwa! Nimejilaza asubuhi chini ya mablanketi mawili nikatetemeka. Hata sikuhitaji kuigiza. Nilifumba macho tu nikamfikiria Sibomana.

Annick akanigusa paji la uso. Akaniambia nivae viatu.

Kwenye zahanati nesi akauliza wapi panauma. Nikasema kila mahali. Jibu baya! Anayeumwa kila mahali huchomwa kwinini bila maswali zaidi. Leo nashona nimesimama. Masikio yanalia wiii tangu saa sita. Nimejiuliza kama treni nayo inalia hivi. Sijawahi kuisikia.

Na Annick amefurahi. Anasema sasa Papa ametibiwa, yeye ataondoka na moyo mweupe.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata! Sibomana si mtu mbaya. Hajui tu. Nchi yetu haina reli hata ya kufungia mbuzi. Amejifunza gari milimani: anajua kona, ukungu, ng'ombe, padri juu ya baiskeli. Vyote hivyo ukipiga honi vinasogea. Kitu kisichoweza kusogea wala kusimama hajafundishwa. Basi nitamfundisha. Nitajenga tambukareli hapa hapa Kimisagara, kwenye kijia cha vumbi mbele ya karakana yangu, ambako malori huja kufungwa maturubai.

Nilimweleza Nduwayo, jirani yangu Mrundi anayechomea mageti. Alinisikiliza kama daktari. Akasema niko na bahati, maana yeye treni ameiona, Kigoma. Nikamwuliza ikoje. Ndefu, jirani. Na mbele ikoje? Akainama kutafuta nyundo. Ikajulikana kwamba alifika stesheni wakati inaondoka, akaiona nyuma tu. Nikamwambia aliyeona mkia wa ng'ombe asitusimulie pembe. Akajibu, wewe hata mkia hujauona.

Ni kweli. Iliniuma.

Tumepatana hata hivyo. Yeye atakuwa treni, kwa kusukuma toroli lenye vyuma chakavu. Alitaka awe mkuu wa stesheni. Nimekataa. Mkuu wa stesheni ni mimi.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana sikuweza kuandika. Utaelewa.

Alhamisi asubuhi kila kitu kilikuwa tayari. Magogo mawili ya mkaratusi yamelazwa kukatisha njia: reli. Mti mrefu juu ya panda, na jiwe kitakoni: bariyeri ya kufunga njia. Bendera nyekundu nimeikata kwenye kile kitenge chako kilichoungua na pasi. Ulikataa kukitupa, ukasema kitafaa siku moja. Kila kitu ulikiwekea siku moja.

Sibomana akaja na lori lake. Nikashusha bariyeri. Nikampungia Nduwayo, aliyekuwa juu kwenye mteremko.

Mteremko! Nilisahau kwamba Kimisagara ni bonde. Hapa chenye gurudumu huondoka chenyewe. Toroli likashika mbio, Nduwayo nyuma yake anapiga yowe, si la treni, la kwake mwenyewe. Nikapunga bendera. Sibomana akatazama kushoto. Akaliona. Nilimwona akiliona. Akatabasamu, akakata usukani, akaizunguka bariyeri magurudumu mawili yakiwa mtaroni, akakanyaga mafuta, akapita. Toroli likapita nyuma ya tairi zake, kiasi cha shibiri, likaingia kwenye geti ambalo Nduwayo alikuwa amelimaliza juzi. Nduwayo mwenyewe akaishia mtaroni.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Sibomana akateremka akishangilia: “Umeona, mzee? Nimewahi!”

Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje pale Dodoma, sura ya yule dereva ilikuwaje. Sasa najua. Wanatabasamu.

Nikamwuliza kwa nini hakusimama kwenye bariyeri. Akanishika bega kama mtoto. “Mzee Silvère, bariyeri isiyo na askari ni mti tu.”

Ndipo askari walipofika.

Jandarma watatu, na sajini wao. Wakati huu wa vita bariyeri huwekwa na wao, si na fundi turubai. Sajini akauliza bariyeri ni ya nani. Watu wote walianza kutazama mlima. Nikasema yangu, shefu. Ya nini? Ya treni, shefu. Treni gani? Haipo, shefu.

Hakucheka. Aliomba kitambulisho, akakitazama, akanitazama, akarudia. Nani amenituma? Namngoja nani apite? Nikasema simngoji mtu, shefu, naogopa tu. Akasema atajua naogopa nini.

Nimelala kwenye benchi la kituo chao. Sitaandika zaidi kuhusu benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, nilidhani ni zamu yangu.

Annick alikuja leo asubuhi. Alivaa gauni la kanisani. Alimwambia sajini polepole, kama anavyozungumza na mteja mgumu, kwamba huyu ni baba yake, na mama yake aligongwa na treni Tanzania, na tangu hapo baba yake haingii garini, anatembea kwa miguu hata kwenda Kacyiru, upande wa pili wa mji. Sajini akanirudishia kitambulisho. Kisha akasema mchukue mzee wako, magogo yanabaki kwetu.

Niliyabeba mwenyewe kichwani mpaka barabara kuu, na mti wa bariyeri pia. Sasa ni bariyeri yao. Mkaratusi mzuri. Na gari la kwanza kufika? Sibomana! Alisimama mbali kabisa. Akazima injini, akavua kofia, akaweka mikono miwili juu ya usukani. Miwili!

Kumbe kusimama anajua. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Anajua, ila anachagua wa kumwogopa.

Nilirudi kwa sajini nikamwomba aniazime askari mmoja tu, mpaka Dodoma. Aliniomba niondoke kabla hajahesabu mpaka kumi.

Jumamosi, 10 Agosti

Wameondoka.

Annick ana mpango wake, na hakuniuliza. Kila tambukareli atateremka na kapu la chakula, atavuka kwa miguu, na lori halitasogea mpaka apunge mkono kutoka upande wa pili. Sibomana alilalamika mbele ya watu wote. Ataonekana kama ng'ombe anayeswagwa! Annick akamjibu: “Kaka Sibomana, ng'ombe hufika.”

Watu wakapiga makofi. Mimi nilishika mlango wa lori. Sijashika mlango wa lori tangu ule wako. Annick alinifungua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama ulivyokuwa ukimtoa yeye kwenye kanga yako siku za kwanza za shule.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Baada ya misa nilimwuliza padri kama kuna mtakatifu wa reli. Akasema atatazama. Alinitazama mimi.

Honi ikilia barabarani najichoma sindano. Vidole vimekwisha.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimetembea mpaka Kabuga. Malori yanayotoka Rusumo, mpakani na Tanzania, lazima yapite huko, kwa hiyo nimekaa karibu na soko nikiuliza madereva. Mpango wangu ulikuwa kujifanya nauza kamba, nisionekane baba mwoga. Nimeuza kamba mbili. Biashara si mbaya.

Kisha dereva mmoja, mtu wa makamo, akasema njiani ameona lori limelala kando ya reli, upande wa Dodoma. Limekatika katikati. Namba? Hakusoma namba. Turubai? La bluu.

Nusu ya maturubai ya mji huu ni ya bluu, na mengi nimeyashona mimi. Nilimwuliza kama mshono wa pembeni ulikuwa maradufu. Akasema mzee, nani anatazama mshono?

Nimerudi kwa miguu. Sikumbuki njia. Nduwayo alinikuta nimekaa karakanani. Hakunitania, jambo lililonitisha zaidi. Akaniletea chai, akakaa, akachomelea kipande cha chuma ambacho hakikuhitaji kuchomelewa.

Jumatano, 28 Agosti

Yupo! Yuko jikoni! Anaimba vibaya kama wewe!

Nilisikia lori, nikatoka na mkasi mkononi, nikamshika hadi akasema Papa, utanichoma. Viatu magunia mazima. Amekonda. Nimemgusa masikio yote mawili, sijui kwa nini masikio.

Amenisimulia polepole. Mahali pale alikuwa ameshuka, anavuka kwa miguu, na Sibomana anangoja huku akinung'unika. Nyuma yao lori jingine lilipiga honi, likapiga tena, likachoka. Likawapita upande wa kulia. Dereva alimpungia Sibomana mkono, kwamba ng'ombe na angoje. Treni ilikuwa inaonekana. Annick anasema ni ndefu kuliko unavyoweza kufikiri, na haipunguzi. Haipunguzi hata kidogo.

Nikauliza kama yule dereva alitoka. Annick akageuka akafunua sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Sibomana hakuja kunisalimia. Alikaa garini mbele ya karakana, mikono juu ya usukani. Nilimpelekea chai. Akanywa, akarudisha kikombe, akasema asante, mzee.

Jumapili, 1 Septemba

Mama Annick, nilikuwa sahihi! Tambukareli yangu imefanya kazi! Sibomana sasa anasimama hata kuku akivuka. Annick anasema ni kile alichokiona Dodoma, na kapu la chakula. Watoto hawapendi kuwapa wazazi sifa. Mimi najua ni toroli.

Lakini hakuna kupumzika. Leo baada ya misa amesema safari ijayo hana haja ya lori la mbali. Atakwenda Bujumbura, apande meli ya ziwani mpaka Kigoma kununua mawese. Huko hakuna tambukareli, Papa, tulia.

Nitulie! Ziwa! Nani amemfundisha nahodha wake kuogopa maji?

Nimeanza kuchimba nyuma ya karakana. Mpaka magharibi ziwa langu limefika kiunoni, refu kama kitanda cha watu wawili, na turubai la bluu nimelikata la kutandika chini. Nduwayo amekataa kuwa dhoruba. Anasema pia kwamba siku hizi za vita mtu akichimba shimo refu namna hii uani, lazima aulizwe nani atajificha humo. Nimemwambia aache woga. Hakuna nchi inayomkamata mtu kwa sababu ya ziwa.

Mikono imetoka malengelenge. Kesho tunatia maji. Wewe huko uliko, unikumbuke.

Silvère wako