Yai la Kuchemsha na Dola ya Carson City

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisipange mambo ya mbali. Sawa. Jambo langu liko karibu: tundu moja tupu kwenye albamu yangu ya sarafu. Dola ya fedha ya 1889, iliyopigwa hapahapa Carson City. Nyingine zote za mji huu ninazo. Mwaka ule kiwanda cha sarafu kilianza tena kazi mwaka ukikaribia kwisha, zikapigwa chache, na nyingi inaaminika ziliyeyushwa baadaye. Nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka kiwandani, nikafundisha historia hadi kustaafu. Kufa na tundu lile! Aibu.

Clifford Baumgarten, hasimu wangu katika chama cha wakusanyaji, anazo mbili. Hauzi. Lakini ametangaza atabadilishana na mwenye dola yenye rangi za upinde wa mvua, zile zinazojitokeza fedha ikilala miaka mingi ndani ya mfuko wa benki.

Miaka mingi sina. Mayai ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Nitasema kweli humu, maana atakayesoma atakuta nimeshaondoka. Kutia sarafu rangi kwa hila ni kosa la kufukuzwa chamani. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Hata hivyo, mvuke wa yai la kuchemsha hubadilisha rangi ya fedha. Nimefunga yai na dola ya kawaida ya San Francisco ndani ya mfuko. Droo ya soksi.

Alhamisi, 6 Machi
Nadine, mke wangu, aliuliza kama kuna panya aliyefia kabatini. Nikasema huenda. Akaita fundi wa panya. Fundi akapekua, akatoa yai. Nadine akanitazama kwa huruma, kisha akampigia daktari kuuliza kama kuficha chakula ni dalili ya ugonjwa.

Dola imekuwa nyeusi kama masizi.

Jumamosi, 8 Machi
Dola nyingine, yai lilelile, muda mfupi, bahasha ya karatasi karibu na hita. Ukingoni zambarau, kisha buluu, katikati rangi ya asali. Shahada yangu haikuwahi kunipa fahari kama hii.

Jumapili, 9 Machi
Clifford alikuja na fimbo zake mbili. Nadine akamkatia pai ya tufaha. Akaishika dola kwa ukingo, akaizungusha chini ya kioo cha kukuzia. Kisha akaipeleka puani.

"Wendell," akasema, "dola yako imetoka kunywa chai na yai."

Nilikana. Nikataja mfuko wa benki moja ya zamani huko Kansas. Akauliza kama benki hiyo ilifuga kuku. Nadine aligeukia sinki, mabega yakimtikisika.

Nilingoja atishie kunishtaki chamani. Badala yake akauliza haraka yote hii ya nini. Nikamwambia aliyosema daktari. Akaacha kula. Akatia mkono mfukoni mwa koti na kuitoa: 1889, herufi mbili za mji wetu chini ya mkia wa tai.

"Sikupi. Nakuazima. Kaa nayo mpaka siku yako, halafu shemeji atanirudishia. Na usikimbilie kufa, mzee mwenzangu. Hiyo dola naweza kuisubiri."

Nilimsogezea albamu. Aliipachika tunduni yeye mwenyewe. Nadine akanishika bega na hakuliachia upesi.

Jumatano, 12 Machi
Albamu imejaa! Nadine anasema natabasamu kama bwana harusi. Clifford huja kila alasiri kuijulia hali sarafu yake. Anaitupia jicho mara moja, kisha tunabishana hadi kahawa inapoa. Siku hizi namngojea tangu asubuhi, ingawa sitamwambia. Vidonge vya moyo, nilivyokuwa nikivitema, sasa navimeza. Dola ya mkopo haiachwi hivihivi.

Nimeutafakari sana wema wake. Umenigusa. Kwa hiyo nimeagiza albamu mpya, ya nusu dola za zamani, zenye picha ya bibi anayetembea kuelekea jua. Matundu yote matupu. Ngumu kuipata ni ya 1921 ya Denver. Clifford anayo.

Nimesoma mahali kwamba kiazi cha kuoka hutia fedha rangi nzuri bila kuacha harufu. Nimemwomba Nadine anunue viazi.